Unga, Chenga au Vidonge: Tazama Kinachobaki Chomboni

Mhariri, swali lenu la wiki hii linahusu umbo la chakula linalomfaa zaidi mtu anayefuga kuku wachache nyumbani: unga, chenga au vidonge. Wafugaji wengi hulijibu kwa kutazama ni kipi kuku wanakikimbilia. Kwa maoni yangu, jibu lipo ndani ya chombo cha kulishia, saa ambayo kuku wamekwisha kula na kuondoka.

Maumbo yote matatu yanaweza kutokana na mchanganyiko uleule. Unga ni nafaka, mashudu, chokaa, madini na vitamini vilivyosagwa na kuchanganywa bila kushikanishwa. Vidonge ni unga huohuo uliopitishwa kwenye mvuke wa moto na kukandamizwa katika matundu ya mashine, ukatoka vipande vigumu ambavyo kwa kuku wakubwa huwa na unene wa milimita 3 au 4 hivi. Chenga ni vidonge vilivyovunjwa. Kwa hiyo umbo, lenyewe, haliongezi protini mfukoni. Linachobadilisha ni kiasi cha lishe kinachomfikia kila kuku.

Kuku huchagua chakula kwa macho na kwa ncha ya mdomo zaidi kuliko kwa ladha, na akipewa unga huanza na vipande vikubwa, ambavyo kwa kawaida ni mahindi. Kinachobaki chini ni vumbi, na ndani ya vumbi hilo ndimo ilimo sehemu kubwa ya vitamini na madini. Katika kundi lenye kuku wababe na wanyonge jambo hili huwa zito zaidi, kwa sababu wababe hula kwanza na kumaliza nafaka, kisha wanyonge huachiwa unga mlaini usio na uwiano uliokusudiwa na mtengenezaji. Kuku wa mayai wa aina za kisasa hula takriban gramu 110 hadi 120 kwa siku, na ganda la yai moja hubeba kalisi ipatayo gramu 2. Akiwa kila siku anaacha chokaa iliyosagwa, ambayo ndiyo inayompa kalisi hiyo, ganda jepesi halitakuwa la kushangaza hata kama mfuko umeandikwa vizuri. Kidonge huondoa uchaguzi huo, kwa kuwa kila donoo lina kila kitu.

Hata hivyo, siwezi kumshauri kila mtu anunue vidonge. Kuku anayekula unga hutumia muda mrefu zaidi kushiba, na kwa kuku waliofungiwa bandani siku nzima muda huo una thamani, kwa sababu kuku aliyeshiba mapema na asiye na la kufanya hugeukia manyoya ya mwenzake. Tatizo la kudonoana hujitokeza zaidi kwa kuku wa mayai wanaolishwa vidonge kuliko wanaolishwa unga. Mwenye banda dogo lisilo na uwanja anaweza kubaki na unga, mradi usiwe umesagwa hadi kuwa kama vumbi, na mradi awaache kuku wamalize kilichomo kabla ya kuongeza kingine. Tabia ya kumimina chakula kipya juu ya masalia ndiyo inayowafundisha kuku kusubiri mahindi. Mwenye uwanja ambamo kuku huparura mchana kutwa hana sababu kubwa ya kuhofia vidonge, tena atapoteza chakula kidogo, kwani kidonge kilichoanguka huokotwa, ilhali unga ukimwagika huchanganyika na maranda na kinyesi.

Kulowesha unga kwa maji kidogo hupunguza uchaguzi na vumbi, nami naona ni njia nzuri kwa mwenye kuku wachache. Sharti lake ni moja, nalo halina msamaha: loweka kinacholiwa ndani ya muda mfupi na uoshe chombo, kwa sababu chakula chenye unyevu huchacha na kuota ukungu haraka, hasa kwenye joto, na baadhi ya kuvu hutoa sumu isiyoondoka kwa kuanika tena.

Kwa vifaranga mjadala ni mfupi. Mdomo mdogo hauwezi kidonge kikubwa, hivyo chenga ndogo au unga usio mlaini mno huwatosha mpaka wakue. Bata nao ni habari nyingine: unga mkavu huganda mdomoni, nao hukimbilia maji kuusuuza, hivyo sehemu ya chakula huishia majini. Wapewe vidonge, au chenga wakiwa wadogo.

Anayenunua vidonge achunguze sehemu ya chini ya mfuko. Vumbi likiwa jingi, vidonge vimevunjika njiani au havikushikana tangu mwanzo, na mnunuzi amelipia umbo asilolipata. Umbo lolote lichaguliwalo, kuku wa mayai wawekewe pembeni vipande vya magamba ya chaza au mawe ya chokaa: vipande vikubwa hukaa ndani ya firigisi na kuyeyuka polepole usiku, wakati ambapo sehemu kubwa ya ganda hutengenezwa.

Mabadiliko yafanywe kwa muda wa wiki moja hivi, kwa kuongeza chakula kipya kidogo kidogo ndani ya kile cha zamani. Kuku mzima aliyezoea unga anaweza kuvitazama vidonge kana kwamba si chakula, na akikaa siku mbili akila nusu tumbo mayai hupungua, kisha lawama huangukia ubora wa vidonge ambavyo bado hajavila.