Zimepevuka? Hesabu niliyoikosea karibu mwaka mzima

Mama mkwe wangu wa Muheza akikuona na panga karibu na mkungu, atakuuliza kwanza: "Zimepevuka?" Yeye hupitisha kidole kwenye kingo za ndizi. Zikichoma, bado changa. Zikianza kuviringa, kata. Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa nilikata bila kushika, nikazivumbika kwenye kiroba pamoja na ndizi mbivu mbili. Hizo mbili hazikuwa kosa, maana ndizi mbivu hutoa ethilini, homoni ya mimea iliyo gesi, nayo huziamsha jirani zake. Ganda likageuka njano kweli. Ndani zilikuwa kavu, hazina utamu. Homoni ilifika, ila ndizi hazikuwa tayari kuipokea.

Wakati huohuo tulikuwa tunatafuta mtoto, na huko nako nilikuwa nakata mapema.

Kila shoga aliniambia siku ya kushika mimba ni "siku ya 14" tangu hedhi ianze, nami nikaihesabu kwa uaminifu miezi 11. Nesi wa kliniki akaniuliza swali moja tu: mzunguko wako wa hedhi ni siku ngapi? Sikujua. Nikaandika miezi minne: 34, 35, 33, 36. Akanieleza kwamba yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi ijayo, si siku 14 tangu iliyopita ianze. Kwangu hiyo ni kama siku ya 20 au 21. Mbegu za mume huweza kusubiri hadi siku 5, na yai likishatoka halimalizi zaidi ya saa 24. Sisi siku hizo tulikuwa tumeshapumzika!

Sababu ni kwamba nusu ya kwanza ya mzunguko huendeshwa na estrojeni, homoni ya kike inayopanda kadiri yai linavyopevuka, na mwendo huo si sawa kwa kila mtu wala kila mwezi. Ikishapanda vya kutosha, tezi iliyo chini ya ubongo humwaga homoni nyingine, LH, na yai hutoka ndani ya siku moja na nusu hivi. Nusu ya pili ni ya homoni iitwayo projesteroni, na urefu wake hauyumbi sana. Ndiyo maana tunahesabu kutokea mwisho.

Kwa hiyo anza na daftari. Kisha angalia ute wa ukeni: ukivutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi, hiyo ni estrojeni inakwambia siku za yai kutoka zimekaribia. Nasema haya kwa anayetafuta mimba. Anayeikwepa asiegemee hesabu peke yake, maana homa au msongo tu huweza kulichelewesha yai. Mwaka ukipita bila kitu, au miezi 6 kama umefika miaka 35, nendeni hospitali wote wawili. Na mume apimwe, asikwambie yeye yuko fiti.

Wetu ana miaka mitatu sasa. Ndizi bado namwachia bibi yake akate.