Hija ya Namugongo: anzeni na wazee wenu

Tumsifu Yesu Kristo.

Mwaka wa kwanza jumuiya yetu ilipokwenda kuhiji Namugongo, kule Uganda walikochomwa moto mashahidi wa imani, bibi mmoja wa miaka 72 aliishia mpakani Mutukula. Nilikuwa katibu wa kamati ya hija, na kosa lilikuwa letu wanakamati. Basi tulilikodi mapema, sare za kitenge zikashonwa, kwaya ikafanya mazoezi mwezi mzima, lakini nyaraka za kuvukia mpaka tulizishughulikia wiki ya mwisho. Hati yake haikuwa imekamilika. Mjukuu wake akashuka naye, wakarudi Bukoba kwa Hiace. Sisi tukaendelea na rozari, lakini ndani ya basi kila mtu alikuwa akimuwaza yeye.

Tangu siku hiyo tunapanga hija kwa kuanza na wazee, na kama parokia yenu inajiandaa kwenda, nawasihi mfanye vivyo hivyo. Kijana akiambiwa leo kwamba kesho kuna safari, atajipanga. Mzee asiye na cheti cha kuzaliwa anahitaji miezi.

Mtanzania anavuka kwa pasipoti au hati ya dharura ya safari, kwa hiyo msijidanganye kwamba kitambulisho cha taifa kitatosha kwa sababu mmeona Wakenya wanapita na vyao. Sisi sasa tunaanza mwezi Januari. Viongozi wa jumuiya wanapita nyumba kwa nyumba na kuuliza nani ana nini, kisha vijana wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, wanawasindikiza wazee serikali ya mtaa kuchukua barua, wanapanga foleni pamoja nao, wanawarudisha nyumbani. Kadi ya homa ya manjano nayo isingoje mwisho, maana chanjo huhitaji siku 10 kabla ya safari ili itambulike. Mwenye miaka 60 na kuendelea amwone daktari kwanza. Si kila mzee anafaa kuchanjwa, na jambo hilo alijue akiwa kwake, si akiwa mpakani.

Fedha zisiwe sababu ya kumwacha mtu. Tunachanga shilingi 2,000 kila Jumamosi baada ya sala ya jumuiya, kuanzia Septemba. Asiyeweza, mwenzake anamwekea, na daftari halisomwi hadharani. Hili la daftari tulilipitisha kwa mabishano makali, na sijutii.

Sasa Namugongo yenyewe. Wengi hufika usiku wa kuamkia Juni 3, sikukuu ya mashahidi, na kuondoka Misa ikiisha. Kwa mwenye nguvu inawezekana. Ila siku ile watu ni wengi mno, wengine wametembea kwa miguu wiki nzima na zaidi, na mzee aliyefika usiku huo hataingia ndani ya basilika wala hataona altare. Sisi tunafika Mei 31. Asubuhi yake tunaingia wakati bado kuna nafasi ya kupiga magoti. Altare imewekwa mahali alipochomwa Karoli Lwanga, kiongozi wa mashahidi wale, na nguzo za jengo ni 22, kwa idadi ya mashahidi Wakatoliki waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964. Mkalishe mzee hapo na umwache. Usimharakishe kwa ajili ya picha.

Kama siku zinaruhusu, anzeni Munyonyo. Huko ndiko Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alikowahukumu vijana wa ikulu yake mwezi Mei 1886, na ndiko walikouawa Denis Ssebuggwawo tarehe 25 na Andrea Kaggwa tarehe 26, kabla wenzao hawajachomwa Namugongo Juni 3. Ukianzia pale, Kizito, shahidi mdogo kuliko wote, wa miaka 14 hivi, anaacha kuwa jina la kigango tu. Unaona ni mtoto aliyetembezwa kwenda kufa akijua anakokwenda. Kwetu Kagera jambo hili ni la nyumbani kabisa, maana wamisionari walioanzisha misheni ya Kashozi mwaka 1892 walitokea huko huko Buganda.

Kwa usiku wa mkesha: mkeka, sweta, mwavuli, dawa za presha na sukari kwenye mkoba wa mgonjwa mwenyewe, si kwenye begi lililobaki ndani ya basi. Kila mzee awe na kijana mmoja anayemjua kwa jina, hata akienda chooni waende wote. Shingoni avae kadi yenye namba ya simu ya kiongozi, namba ya laini ya Uganda.

Mnaobaki nyumbani, fanyeni novena kuanzia Mei 25 hadi Juni 2. Ni siku tisa kamili, na inaanza siku aliyokufa Ssebuggwawo. Sisi huandika nia zetu kwenye karatasi, tunazifunga kwenye bahasha, na mahujaji wanazipeleka. Wagonjwa wasioweza kusafiri ndio wanaotangulia kuandika.

Bibi yule alikwenda mwaka uliofuata, hati yake imetoka tangu Machi. Ndani ya basilika alivua kandambili, akakaa chini, akasali karibu saa nzima. Nilimsikia akitaja majina ya watu wa jumuiya yetu mmoja mmoja, pamoja na sisi tuliomwacha. Siku ya kuondoka aliomba achotewe maji ya Namugongo, akanunua kidumu cha lita tano na kukipakata njia nzima hadi Bukoba, hakukubali kiwekwe buti. Jumatatu nikamkuta njiani na kidumu na kijiko, akitoka nyumba ya mgonjwa mmoja kwenda ya mwingine. Zilikuwa zimebaki nyumba nne. Nikampokea kidumu, tukaenda wote.