Ukibadilisha risasi, umebadilisha bunduki

Juma lililopita mpwa wangu aliyeko Pennsylvania alinitumia picha kwenye simu. Nilikuwa nimekaa barazani hapa Shella, Malindi, watu wametoka kuswali alasiri na muuza kahawa ameshapita. Picha ilikuwa ya karatasi ya shabaha, ina matundu tisa yaliyotawanyika kama pilipili manga iliyomwagika. Chini yake ameandika: "Shikamoo mjomba. Hii bunduki imeharibika, ama ni macho yangu?"

Nikamjibu: "Marahaba. Hebu nionyeshe masanduku ya risasi."

Akatuma. Masanduku matatu, ya viwanda vitatu, kila moja na uzito wake: gireni 150, 165 na 180 (gireni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi). Alikuwa amepiga risasi tatu kutoka kila sanduku, zote kwenye karatasi moja, kisha akazungusha vifundo vya darubini katikati ya zoezi ili "kurekebisha". Bunduki ilikuwa nzima na macho yake pia. Nilipomweleza akasema, "Lakini mjomba, zote ni .308," yaani zote ni za ukubwa mmoja, wa bunduki ile ile.

Neno hilo lilinichoma, kwa sababu ndilo nililoambiwa mimi dukani miaka ile, na kulungu mmoja akateseka saa nne kwa ajili yake. Naandika haya kwa ajili ya mpwa wangu na vijana wetu wengine wa pwani walioko Marekani, ambao kila ukifika mwezi wa Novemba jirani huwagongea mlango na kuwaita msituni.

Wa hapa nyumbani wanielewe vizuri. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na marufuku hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Paa nunga wa msitu wa Arabuko-Sokoke, hapa mlangoni petu, ni katika wanyama walio hatarini kutoweka duniani. Ninayoyasema ni ya kule, ambako kulungu wa mkia mweupe ni wengi mno na kuwawinda kuna leseni, msimu na masharti. (Namwita kulungu kwa kukosa jina jingine. Biblia ya Kiswahili imetumia ayala, lakini barazani ukisema ayala utaulizwa ni nini.) Na wewe uliyeko kule kwa viza ya muda, ya masomo au ya kutembea, usishike bunduki ya mtu kabla hujaijua sheria inasemaje juu yako. Sheria ya Marekani huwazuia watu wa viza hizo, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa.

Nimeishi Pennsylvania miaka 14, nikiendesha lori. Aliyenifundisha kuwinda ni jirani yangu, mzee mkulima, na bunduki yangu ya kwanza niliinunua kwake. Tuliisawazisha pamoja mwezi wa Oktoba kwa risasi za gireni 150, yaani karibu gramu 9.7, mpaka ikawa inatoboa pale pale unapotazama. Msimu ule kulungu wangu alianguka hatua chache tu kutoka aliposimama. Mwaka uliofuata nikaenda dukani siku mbili kabla ya msimu, nikakuta rafu nusu tupu. Muuzaji akanipa sanduku la gireni 180, la kiwanda kingine. "Usijali, .308 ni .308." Baridi ilikuwa kali, na uwanja wa shabaha ulikuwa mwendo wa dakika 40. Nikalipa, nikalitia mfukoni, nikaenda zangu.

Dume alitokea saa moja asubuhi, amenipa ubavu, kama yadi 140. Nikaweka msalaba wa darubini nyuma tu ya bega, yalipo mapafu, nikasema Bismillahi, nikavuta. Aliruka, akakimbia kwa miguu mitatu. Nilipofika pale aliposimama niliona juu ya theluji manyoya meupe ya kifuani, na kipande cha mfupa kidogo kama punje ya mchele. Damu ilikuwa matone, tone hapa, tone kule. Tulimfuata mimi na yule mzee kwa saa nne. Tulimkuta amelala chini ya msonobari, kichwa juu, anatutazama. Nikamchinja mwenyewe. Tangu chuo cha Kurani tulifundishwa kwamba kisu kinolewe vizuri ili mnyama asitaabike, na siku ile nilifahamu kuwa nilikwenda na kisu butu.

Kesho yake nilikwenda uwanjani. Nikapiga tatu za gireni 150 kwa yadi 100: katikati, zinagusana. Nikauacha mtutu upoe, nikapiga tatu za gireni 180: nazo zinagusana, lakini inchi 4 chini na inchi 2 kushoto. Kwa yadi 140 huko chini kunakuwa karibu inchi 6. Ndipo kifua kilipogeuka mguu.

Kwa nini iwe hivyo? Kushuka watu hukuelewa upesi: risasi nzito huenda polepole, kwa hiyo ardhi huivuta kwa muda mrefu zaidi kabla haijafika. Kwa .308, gireni 150 hutoka mtutuni kwa futi kama 2,800 kwa sekunde, na 180 kwa futi kama 2,600. Kinachowashangaza ni ule upande wa kushoto. Mtutu wa bunduki si nguzo iliyotulia. Baruti ikiwaka, chuma chote hutetemeka kama uzi wa udi uliopigwa, na risasi hutoka mdomoni wakati mdomo wenyewe uko mwendoni. Risasi ya kasi nyingine hutoka katika nukta nyingine ya mtetemo huo, mdomo ukiwa umeelekea kwingine kidogo. Kwa hiyo hata sanduku lenye uzito ule ule, likiwa la kiwanda kingine chenye baruti nyingine, laweza kupeleka matundu pengine kabisa. Huwezi kulikadiria hilo kwa kichwa. Baba yake mpwa wangu ni mvuvi, ndiyo maana nilimwambia hivi: babako akibadilisha chubwi, huushusha mshipi upya na kuupima, hasemi mkondo ni ule ule.

Sasa namna ya kufanya. Kabla ya yote soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu, kisha yasome ya kwenye sanduku, kisha yale ya kitako cha risasi yenyewe. Yawe sawasawa. Risasi kuingia kwenye chemba si ushahidi kuwa ni yake, na kosa hilo huweza kuipasua bunduki usoni pako. Vaa miwani na vifunika masikio. Kaza skrubu za vishikio vya darubini kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Nimeona mtu akimaliza sanduku zima la risasi 20 akiilaumu risasi, kumbe darubini inacheza.

Anza karibu, yadi 25. Kama ni bunduki ya komeo, ile ya kufunguliwa na kufungwa kwa mkono kila risasi, litoe komeo, iweke bunduki juu ya mifuko ya mchanga, chungulia ndani ya mtutu kwa nyuma mpaka uione shabaha katikati ya duara, kisha bila kuitikisa bunduki zungusha vifundo mpaka msalaba wa darubini uangukie hapo hapo. Hiyo hukuokolea risasi nyingi. Halafu piga moja au mbili, rekebisha, nenda yadi 100. Mfuko wa mchanga uwe chini ya mti wa bunduki, ile sehemu ya kushikia, usiuguse mtutu. Ukiugusa umeubadilisha mtetemo niliousema, na msituni hutakuwa na mfuko huo.

Piga tatu. Usiguse kifundo baada ya moja, hata kama imekwenda mbali. Tundu moja halikuambii kitu, huenda wewe ndiye uliyeshtuka kabla ya teke la bunduki. Matatu yakikaa pamoja, tafuta katikati yake na upime kutoka hapo. Yakitawanyika, usirekebishe chochote: pumzika, mtutu upoe mpaka uweze kuushika kwa kiganja bila kuona moto, piga tena. Hili ndilo ninalowasisitizia wote, kwa sababu haraka ndiyo iliyomtia mpwa wangu kwenye matundu tisa yasiyo na maana.

Vifundo vya darubini nyingi za Marekani hulia "tik" ukivizungusha, na kila mlio mmoja husogeza robo inchi kwa yadi 100. Inchi 4 chini, basi, ni milio 16 kupanda, na inchi 2 kushoto ni milio 8 kwenda kulia. Lakini kwa yadi 25 mlio huo huo husogeza robo ya hapo tu, kwa hiyo inchi 4 za yadi 25 zinataka milio 64. Darubini nyingine zimepimwa kwa mita, na mlio mmoja ni sentimita 1 kwa mita 100. Imeandikwa juu ya kifundo chenyewe, soma.

Kwa misitu ya Pennsylvania mimi huacha risasi za gireni 150 zipige kama inchi 2 juu ya katikati kwa yadi 100. Hapo kwa yadi 200 inakuwa imerudi katikati, na sina haja ya kufanya hesabu mnyama amesimama. Kwa yadi 300 ingekuwa imeshuka inchi 8 au 9, na huko sipigi.

Ukimaliza sanduku moja na unataka kujaribu la pili, tumia karatasi mpya na usiguse vifundo. Piga tatu, pima umbali kutoka katikati, andika. Chagua moja iliyokusanya matundu vizuri zaidi, isawazishe hiyo, nyingine ziache nyumbani. Usiende msituni na aina mbili mfukoni. Kwenye giza la alfajiri vidole havitambui gireni.

Neno juu ya shaba. Katika lugha yetu madini ya risasi na risasi ya bunduki ni neno moja, lakini kule siku hizi zipo pia za shaba tupu. California imekataza kuwinda kwa zile za madini ya risasi tangu tarehe 1 Julai 2019, kwa sababu vipande vyake humwagika nyamani na huua ndege wanaokula mizoga. Mimi nyama niliipeleka kwa watoto wangu, kwa hiyo nilihamia shaba bila kulazimishwa. Ila shaba ni nyepesi kuliko risasi, kwa hiyo kichwa cha uzito ule ule huwa kirefu zaidi, na si kila mtutu hukipenda. Wangu uliikataa gireni 180 ya shaba kabisa, ukaipokea 150. Ukihamia shaba, usafishe mtutu kwanza, kisha piga chache za kuuzoesha kabla ya kuanza kupima.

Mwisho wa kazi, siku nyingine, nenda na mtutu baridi na upige moja tu. Hiyo ndiyo itakayompata kulungu, si ile ya tatu. Kisha bandika utepe kwenye kitako cha bunduki, andika kiwanda, uzito, nambari ya toleo iliyo kwenye sanduku (inayoonyesha risasi zilizotengenezwa pamoja), yadi na tarehe.

Jana mpwa wangu ametuma picha nyingine: matundu matatu, sarafu ya senti 25 yayafunika yote, na utepe mweupe kitakoni umeandikwa gireni 165. Nimemwambia arudi dukani leo hii anunue masanduku mawili zaidi ya nambari ile ile ya toleo, kabla rafu hazijaanza kuisha.