Mama balozi, mtoto mgeni

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi nipo Manama, Bahrain, nafanya kazi za ndani. Juzi bibi mwenye nyumba aliona kwenye tivii mwanamke wa Kiarabu anahutubia Umoja wa Mataifa, akafurahi mpaka akapiga vigelegele. Lakini bintiye kaolewa na Mmisri, wajukuu wamezaliwa hapahapa ila sio raia, kibali cha kuishi kikikaribia kuisha nyumba nzima haina raha. Hao mabalozi wanawake wanasaidia nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hili jambo linaniuma siku nyingi. Hiyo Bahrain unayoishi ndio ilimtoa Haya Rashed Al Khalifa, mwanasheria, alikuwa balozi Ufaransa halafu 2006 akachaguliwa rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, mwanamke wa tatu tu tangu lianze, jamani sio jambo dogo. Ila miaka minne nyuma yake, 2002, Bahrain hiyohiyo ilijiunga na ule mkataba wa 1979 wa kukomesha ubaguzi dhidi ya wanawake, CEDAW, ikasema baadhi ya vipengele hatutafungwa navyo, kimojawapo 9(2), kile cha mama kuwa na haki sawa na baba kwenye uraia wa mtoto. Yaani mwanamke anaongoza kikao cha dunia nzima na mwanamke mwenzake kule nyumbani hawezi kumpa mwanae pasipoti ya nchi yake!

Na sisi Tanzania tusijisahau, mwanamke wa kigeni akiolewa na Mtanzania anaweza kuomba uraia kwa ndoa, mume wa kigeni hana njia hiyo.

Lakini usikate tamaa na hao mabalozi. Misri walibadilisha sheria yao ya uraia 2004, na lile pingamizi lao kwa kipengele cha 9(2) wakaliondoa 2008, Algeria 2005 na 2009, Morocco 2007 na 2011, unaona sheria ya nyumbani inatangulia, Umoja wa Mataifa unafuata, na walioisukuma ni wanawake wenyewe na mawakili wao, miaka kwa miaka. Kila nchi mwanachama inatakiwa kupeleka ripoti kwenye kamati ya mkataba kila baada ya miaka minne, vyama vya wanawake navyo vinapeleka ya kwao, hapo ndio ujumbe wa serikali unaulizwa uso kwa uso mbona watoto wa fulani hawana uraia, na swali hilo halitoki hewani, linatoka kwenye karatasi za mama kama huyo binti. Mwambie awatafute Umoja wa Wanawake wa Bahrain, wanalipigania hilihili, aende na vyeti vya kuzaliwa vya wanae na vile vibali vyote vilivyokwisha muda, asitupe hata kimoja.