Swali la Kwanza la Kikao: Nani Amejaribiwa?

Mwezi Machi mwaka 2021, mhasibu wangu alilipa ankara ya vipuri vya magari kwa muuzaji wetu wa Dubai, mtu ambaye tulikuwa tumefanya naye biashara kwa miaka saba bila kukorofishana hata siku moja. Mzigo ulioandikwa ulikuwa ule ule tuliouagiza, bei zilikuwa zile tulizokubaliana, nembo ilikuwa mahali pake, na hata ile desturi yake ya kutuulizia hali ya mvua za Nairobi kabla ya kuingia kwenye mambo ya pesa haikukosekana. Kilichobadilika kilikuwa nambari ya akaunti ya benki, pamoja na herufi moja tu katika anwani ya barua pepe: mahali palipostahili kuwa na "m" paliwekwa "r" na "n" zikiwa zimebanana, kiasi kwamba jicho lenye haraka husoma kile kile lililozoea kukisoma. Siku kumi na moja baadaye muuzaji alipiga simu kuulizia malipo yake. Mhasibu alikuja mlangoni kwangu akiwa ameibana simu kifuani, akasema, "Mama, pesa hazijafika." Zilikuwa shilingi 870,000.

Niliripoti kwenye benki na kwa polisi, nikaambiwa kwamba pesa zilishatolewa upande wa pili siku nyingi. Kisha nikanyamaza. Wiki hiyo hiyo nilihudhuria kikao cha chama chetu cha wauza vipuri wa Barabara ya Kirinyaga na mitaa ya jirani, nikanywa chai, nikachangia mjadala mrefu kuhusu ada za maegesho, nikarudi dukani bila kumwambia mtu lolote. Anayevunjiwa duka usiku huonewa huruma, lakini anayeibiwa kupitia kompyuta huonekana mjinga, na katika biashara inayoendeshwa kwa mkopo na kuaminiana, mjinga hapewi mzigo.

Wiki tatu zilipita hadi nilipoketi na wafanyabiashara wenzetu kutoka Kampala na Arusha katika hoteli moja ya hapa mjini, tukizungumzia tozo za mipakani. Wakati wa mapumziko, mama mmoja wa Kampala anayeuza vipuri kama mimi alinisimulia kwa sauti ya chini kwamba mwezi Februari alilazimika kulipia kontena moja mara mbili. Nilipomuuliza jina la muuzaji, akanitajia yule yule wa Dubai. Mwizi alikuwa ameketi ndani ya sanduku la barua pepe la muuzaji wetu, akisoma mazungumzo ya kila mteja na kungoja siku ya malipo, na kwa kuwa mwenzangu alinyamaza kwa aibu, mimi nilifuata. Nami sijui ni nani aliyefuata baada yangu katika zile wiki tatu nilizonyamaza.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu ndicho kilichobadilisha mawazo yangu kuhusu kazi ya vyama vya wafanyabiashara katika mambo ya teknolojia. Hapo awali nilidhani kwamba kazi hiyo ni kuandaa makongamano, yale ya vitambulisho vya shingoni na begi la bure, ambako mgeni wa heshima huzungumza kuhusu mapinduzi ya kidijitali na sisi tukarudi tulikotoka. Leo naamini kwamba chama kinachofaa ni kile ambacho mwanachama anaweza kusimama ndani yake na kusema "nilidanganywa" kabla mwenzake hajadanganywa kwa njia ile ile.

Sisemi hivyo kwa kuvidharau vyombo vikubwa. Chama cha kitaifa cha wafanyabiashara na wenye viwanda, kilichoundwa mwaka 1965 na kinachowakilishwa katika kaunti, pamoja na KEPSA, muungano wa sekta ya kibinafsi ulioanzishwa mwaka 2003, hufika kwenye meza ambazo mimi na duka langu hatuwezi kuzifikia. Kanuni mpya zinapoandikwa, wao ndio wenye nafasi ya kueleza kwamba sharti fulani linawezekana kwa benki lakini litamvunja mgongo mwenye duka la wafanyakazi watano. Baraza la Biashara la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1997 na lenye makao yake Arusha, lina uzito wake pia, kwa kuwa wezi wa mtandaoni hawagongwi mihuri Namanga wala Busia. Ila vyombo hivyo havimjui muuzaji wangu wa Dubai, na vyama vidogo vya mitaani vinamjua. Ukiweza, kuwa mwanachama kwa wakubwa ili usikike, na kwa wadogo ili uonywe mapema.

Baada ya kikao kile nilimwomba mwenyekiti wetu dakika kumi katika mkutano uliofuata. Nilieleza yote, tarehe, kiasi na ile herufi, huku mikono ikinitetemeka kidogo. Palikuwa kimya. Kisha mzee mmoja ambaye ana duka pale tangu miaka ya themanini akakohoa na kusema kwamba naye, miezi miwili iliyopita, alimpa kijana giaboksi baada ya kuonyeshwa ujumbe wa M-Pesa ulioandikwa vizuri kuliko ule wa kweli, na salio lilipokuja kuangaliwa jioni hapakuwa na kitu. Mtu mmoja alicheka, akanyamazishwa. Wa tatu akainua mkono, na wa nne. Kufikia mwisho wa mkutano tulikuwa na visa sita, vyote vikiwa vimefichwa chini ya kaunta za watu wazima wenye akili zao.

Tangu siku hiyo, ajenda ya kwanza ya kila kikao ni swali moja: nani amejaribiwa mwezi huu? Tulilichagua neno hilo kwa makusudi. Ukiuliza nani ameibiwa, watu hutazama sakafu; ukiuliza nani amejaribiwa, kila mtu ana la kusema, na yule aliyeibiwa hupata njia ya kuingia katika mazungumzo bila kuvuliwa nguo hadharani. Katibu huandika namna ujanja ulivyofanyika, nambari ya simu au anwani iliyotumika, na tarehe. Hatuandiki jina la mtu tunayemshuku, kwa maana kumtangaza mtu kuwa mwizi kwenye kikundi cha WhatsApp bila ushahidi ni kesi inayokungoja, na tuliwahi kuikosa kesi ya namna hiyo kwa bahati tu.

Upande wa uvumbuzi ulituingia kwa kusukumwa zaidi kuliko kwa kupenda. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilipotaka gharama za biashara zithibitishwe kwa ankara za kielektroniki za eTIMS, mfumo wa Mamlaka ya Mapato (KRA), wenzetu wengi waliokuwa wakiandika risiti kwa mkono walilazimika kununua kompyuta, na wauzaji wa programu za stoo wakatumiminikia kama nzi penye maembe. Hapo ndipo nilipoiona faida ya kwenda sokoni kwa pamoja. Kampuni moja ilitutembelea na mfumo mzuri wa kuhesabu mali, wenye bei nafuu. Binti wa mwanachama mmoja, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza chuo, akauliza swali ambalo sisi wazee tusingeliuliza: je, fundi wa kampuni akitaka kuingia katika mfumo wa duka moja, anatumia nenosiri lipi? Ikabainika kwamba nenosiri la fundi lilikuwa moja kwa wateja wote. Aliyelipata hilo angeyafungua maduka yetu yote arobaini kwa dakika chache, akasoma bei zetu za kununulia na madeni ya wateja wetu. Mtu mmoja mmoja tungelitia saini bila kujua; kwa pamoja tulikataa, na kampuni ikabadilisha utaratibu wake kwa sababu haikutaka kupoteza maduka arobaini kwa mpigo.

Kwa sababu hiyo nashauri kwamba chama kisiwe na kamati ya teknolojia mpya upande huu na kamati ya usalama upande ule. Wale wa kwanza watanunua kila kinachong'aa na wale wa pili watakataa kila kitu, na mwishowe hakuna atakayesikilizwa. Wawekeni wote meza moja, na mkataba wa programu usitiwe saini kabla hamjajibiwa data inahifadhiwa wapi, nani anaiona, nakala za akiba zinachukuliwa lini, na muuzaji atawaarifu baada ya saa ngapi akivamiwa. Hilo la mwisho lina uzito wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayehifadhi taarifa za watu, pale zinapofikiwa na mtu asiyeruhusiwa na kukawa na hatari ya kweli ya madhara, amwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipojua. Muuzaji wa programu akikaa wiki nzima bila kukuambia, wewe ndiwe utakayekuwa ukijieleza.

Gharama ya mambo yaliyotufaa zaidi ilikuwa chai na mandazi. Kwa Jumamosi mbili, vijana wanne waliokuwa wakifanya mafunzo ya kazini walipita duka kwa duka, wakawasha uhakiki wa hatua mbili, ule unaodai uthibitisho wa pili na si nenosiri pekee, kwenye barua pepe na WhatsApp ya kila mmoja, wakafuta akaunti za wafanyakazi walioondoka zamani, na kuorodhesha kompyuta ambazo hazipokei tena masasisho. Zilikuwepo zilizoendesha Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuishughulikia Januari 2020. Kwa hesabu yangu, Jumamosi hizo mbili zilizidi makongamano yote niliyowahi kuhudhuria. Nairobi haina upungufu wa vijana wa aina hiyo. Tangu kituo cha wabunifu cha iHub kilipofunguliwa mwaka 2010, vituo vya aina hiyo vimezidi kuongezeka, na wengi wao wanajua kuunda programu lakini hawajawahi kukaa nyuma ya kaunta siku nzima. Waalikeni vikaoni, si kwenye maonyesho. Watajifunza shida halisi, nanyi mtapata mtu wa kumpigia simu.

Jambo jingine lilikuwa zoezi, ambalo wanachama walilikubali kwa kura bila kujua siku litakapofanyika. Vijana wale wale walitutumia barua pepe ya uongo iliyodai kwamba leseni zetu zimekaribia kuisha na kwamba tubonyeze kiungo kulipa kabla ya saa kumi. Zaidi ya nusu yetu tulibonyeza. Mimi, niliyejiona mhubiri wa mambo haya, nilibonyeza nikiwa kwenye matatu, kwa kidole gumba. Majina hayakusomwa, na ninasisitiza yasisomwe popote zoezi kama hilo litakapofanyika, la sivyo hakuna atakayekubali la pili. Lililojitokeza, hata hivyo, ni kwamba wenye maduka tulinaswa kuliko wafanyakazi wetu. Nadhani ni kwa sababu tumezoea kuweka masharti ambayo sisi wenyewe hatuyafuati.

Msisahau kwamba chama chenyewe ni windo. Orodha yetu ya wanachama, yenye nambari za simu, za vitambulisho na za KRA, ilikuwa imelala kwa miaka ndani ya barua pepe binafsi ya katibu, na nenosiri lake lilikuwa jina la mwanawe wa kwanza, ambalo sote tunamwita nalo. Pesa za chama nazo sasa hazitoki bila idhini ya watu wawili wanaotumia simu mbili tofauti.

Kuhusu siku mitandao inapozimika, tulijifunza Julai 2023, eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, iliposhambuliwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai kuhusika. Wiki ile abiria wa reli walirudi kulipa nauli taslimu, na malipo ya M-Pesa yalikuwa ya kubahatisha. Katika maduka yetu, watatu tu ndio waliokuwa na kitabu cha risiti na chenji ya kutosha. Siku hizi kila duka lina kitabu.

Pesa zikishaenda, kinachookoa ni saa za mwanzo. Simu ya kwanza iwe kwa benki yako, kitengo cha ulaghai na wala si karani unayemfahamu, ukiwaomba wawasiliane na benki iliyopokea ili izuie fedha. Kisha polisi, kwa kuwa benki itahitaji nambari ya ripoti. Kisha chama, siku hiyo hiyo. Usifute barua pepe ile ya uongo hata ikikuudhi kuitazama, maana ndiyo ushahidi. Na nambari mpya ya akaunti, iletwe na nani na kwa lugha tamu kiasi gani, ithibitishwe kwa kupiga simu kwa nambari uliyokuwa nayo zamani, si ile iliyoandikwa ndani ya barua.

Juu ya meza ya mhasibu wangu pamebandikwa kadi yenye nambari za wauzaji wetu wote, zilizoandikwa kwa kalamu. Mwezi uliopita ilifika barua nyingine, safari hii ikijifanya imetoka Japani, na akaunti mpya. Alinyanyua simu, akazungumza kwa dakika mbili, akacheka, kisha akaipiga picha barua hiyo na kuituma kwenye kikundi cha chama. Kabla hajarudisha simu mezani, maduka mawili yalikuwa yameshajibu kwamba nayo yameipokea asubuhi hiyo, na la tatu likaandika kwamba lilikuwa benki, kwenye foleni, fomu ikiwa mkononi.