Chupa ya Maji Kabla ya Chupa ya Amonia

Wewe uliyeingia maabara mwaka huu hapa Nairobi ukapewa mada ya vihisio vya gesi vya grafini, yaani tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja tu, hongera, na pole kidogo. Utakutana mapema na habari za wanafizikia Geim na Novoselov pale Manchester, waliobandua grafiti kwa selotepu hadi wakapata grafini mwaka 2004, na za kundi lao kuonyesha mwaka 2007 kuwa grafini inaweza kugundua molekuli moja ya gesi. Ni kweli kabisa. Ila wao walikuwa wakipasha kipande chao moto kwenye ombwe kufukuza uchafu. Mimi nilikuwa na multimita ya Luthuli Avenue na dirisha lisilofungika.

Ilikuwa Aprili, mvua imeshika. Nilikuwa nimedondoshea oksidi ya grafini iliyopunguzwa oksijeni juu ya nyaya mbili za shaba zilizopangwa kama vitana vilivyoingiliana meno. Nikafungua chupa ya amonia chini ya bakuli la plastiki, ukinzani ukapanda kutoka kiloomu 12 hadi 13.5. Nilikimbia kwa msimamizi wangu kama aliyeokota pesa. Mama yule hakuangalia hata grafu. Aliuliza, "Na maji je?"

Nikarudi, nikaweka chupa ya maji matupu. Kiloomu 12.9.

Amonia ya chupani ni gesi iliyoyeyushwa majini. Ukifungua kizibo, mvuke wa maji unatoka nayo, na sehemu kubwa ya "amonia" yangu ilikuwa huo mvuke.

Shika jambo hili vizuri, mengine yatafuata. Grafini iliyokaa hewani hupitisha umeme kwa mashimo, yaani nafasi zilizoachwa na elektroni zilizonyang'anywa na oksijeni. Amonia huleta elektroni, mashimo yanazibwa, ukinzani unapanda. Nitrojeni dioksidi hunyang'anya zaidi, mashimo yanaongezeka, ukinzani unashuka. Kwa kuwa kila atomu ya grafini iko usoni, hakuna mgeni asiyesikika, na hapo ndipo penye kero: haichagui mgeni. Ndiyo maana watu huipaka chembe za metali, oksidi za metali au polima, ili ipendelee gesi fulani.

Kwa hiyo weka kihisio cha unyevu na joto kando ya chako tangu siku ya kwanza, uandike namba zote tatu pamoja. Msingi wako, yaani ukinzani kabla ya gesi kuingia, wa Januari hautakuwa wa Aprili. Andika na shinikizo la hewa pia: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa yetu ina takriban kilopaskali 83 badala ya 101 za Mombasa, hivyo sehemu 10 za gesi kwa milioni za hewa hapa ni molekuli chache kwa lita kuliko kule pwani. Nimeona watu wazima wakisahau hili.

Usiharakishe kupona kwa kihisio. Nitrojeni dioksidi hung'ang'ania, na kwenye joto la chumba unaweza kungoja saa nzima namba zisirudi zilipoanzia. Pasha moto kidogo, au mulika kwa taa ya urujuanimno.

Ukitengeneza oksidi ya grafini mwenyewe kwa njia ya Hummers, yaani kuoksidisha grafiti kwa asidi na pamanganeti ya potasiamu, pamanganeti iingie kwenye asidi ya sulfuriki kijiko kwa kijiko, barafu ikizunguka chombo, chini ya nyuzi 20. Mchanganyiko ukipata moto unaweza kulipuka. Stima ikipotea kikorogeo kikasimama, acha kuongeza, hata kama umechelewa matatu ya mwisho.

Na tafadhali usipeleke kihisio kwenye bomba la moshi la matatu ukasema umepima nitrojeni dioksidi. Moshi ule una kaboni monoksidi, joto, na mvuke wa maji tele. Msimamizi wangu bado yupo, na swali lake ni lilelile.