Ukihamia kitongoji cha Waingereza, jifunze kwanza historia yake

Wakenya wenzangu waliokuja Birmingham kufanya kazi hospitalini au kutunza wazee huniambia jambo lile lile: mtaa ni kimya, majirani hawasalimii, maisha yamebaki kuwa zamu na usingizi. Nawaelewa kabisa. Mimi naishi Bournville, kitongoji kidogo kusini mwa jiji, na ushauri ninaowapa ni kwamba waulize mtaa wao ulianzaje, nani aliujenga na kwa nini, kisha watafute mahali ambapo historia hiyo bado inaendelea, waingie humo. Mwingereza asiyethubutu kukuuliza kwenu ni wapi anaweza kusimama nusu saa kando ya barabara akikusimulia nyumba yake ilijengwa lini na ule mti wa matofaa ulipandwa na nani.

Bournville haikuota yenyewe. Mwaka 1879 ndugu wawili, Richard na George Cadbury, walikihamisha kiwanda chao cha kakao na chokoleti kutoka katikati ya Birmingham, penye moshi na msongamano, wakakijenga upya mashambani, karibu na reli na mfereji wa mashua. Wakati huo wafanyakazi wengi wa jiji waliishi katika nyumba zilizobanana migongo, familia kadhaa zikichangia ua mmoja, bomba moja na choo kimoja. Kuanzia 1895 George alianza kujenga nyumba za aina nyingine kabisa. Msanifu wake, William Alexander Harvey, alikuwa kijana mdogo. Nyumba haikuruhusiwa kumeza zaidi ya robo ya kiwanja chake. Kilichobaki kilikuwa bustani, nayo bustani ililimwa kabla mpangaji hajaingia, miti ya matunda ikiwa imepandwa kule mwisho.

Kinachonigusa zaidi ni alichofanya mwaka 1900. Nyumba 313 na ekari 330 za ardhi alizitoa mikononi mwake, akazikabidhi kwa wakfu, Bournville Village Trust, badala ya kuwarithisha watoto wake. Wala hazikuwa za wafanyakazi wa kiwanda peke yao; tangu mwanzo alitaka watu wa kazi na vipato mbalimbali waishi pamoja. Kiwanda chenyewe kilishanunuliwa na kampuni ya Marekani mwaka 2010, lakini wakfu bado upo, na ndio unaosimamia mtaa hadi leo.

Ukishalijua hilo, masharti ya hapa hayakukeri tena. Kubadilisha madirisha au mlango wa mbele, kung'oa uzio wa mimea, kumwaga zege mbele ya nyumba ili uegeshe gari: yote hayo yanahitaji kibali. Wageni wengi huona ni kuingiliwa. Mimi naona ndiyo sababu barabara hizi zingali na kijani baada ya zaidi ya miaka mia moja. Kama unapanga au unanunua katika kitongoji cha namna hii, soma masharti kabla ya kutia sahihi, na uulize kwa maandishi ili ubaki na jibu la maandishi.

Jambo jingine: usitafute baa. Sehemu nyingi za Uingereza watu hukutana baa, lakini George Cadbury alikuwa Mkweka, yaani muumini wa dhehebu la Kikristo la Quakers, na Wakweka wa enzi zake waliona jinsi pombe ilivyobomoa nyumba za maskini. Kijijini Bournville hadi leo hakuna baa. Watu hukutana kwenye uwanja wa nyasi ulio katikati, makanisani, na Rowheath, jengo la mwaka 1924 lenye viwanja vya michezo. Jumamosi kengele za kariloni, yaani safu ya kengele nyingi zinazopigwa kama kinanda, husikika kutoka juu ya shule ya msingi. George alivutiwa na kengele za Bruges kule Ubelgiji, akaweka za kwake mwaka 1906. Sasa ziko 48. Si mashine inayozipiga. Mpigaji huketi mnarani mbele ya safu ya vijiti vya mbao, akivigonga kwa ngumi iliyolegea huku miguu ikikanyaga vya chini.

Kwangu mimi mlango ulikuwa nyumba ya ibada ya Wakweka, iliyojengwa 1905 pembeni mwa uwanja huo. Natoka Vihiga, magharibi mwa Kenya. Wamishonari Wakweka wa Kimarekani walifika Kaimosi, huko huko kwetu, mwaka 1902, na leo Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Lakini Friends, kama tunavyoliita kanisa la Wakweka kwetu, ina mchungaji, kwaya, na mahubiri marefu. Hapa watu huketi kimya kwa saa nzima. Husikii ila kikohozi na benchi likilia, hadi mtu mmoja asimame, aseme maneno machache, aketi tena. Mwisho wanapeana mikono, kisha chai. Hapo kwenye chai ndipo nilipopata marafiki. Kama wewe si wa dhehebu hili, tafuta lako, au baraza la wakazi, au kikundi cha kuokota takataka. Chagua kitu ambacho ukikosa wiki mbili kwa sababu ya zamu hakitaharibika.

Ukijitolea, usiseme tu kwamba uko tayari kusaidia. Watakushukuru na hawatakupigia simu. Sema Jumamosi asubuhi unaweza kupanga viti. Kwenye tamasha la kijiji la majira ya joto peleka mandazi, ila weka pembeni kikaratasi chenye viungo vyote: unga wa ngano, maziwa, mayai, karanga kama zimo. Bila kikaratasi hicho wengine hawatagusa, si kwa dharau bali kwa kuogopa mzio. Na uwe tayari kuwaita watu kwa majina. Jirani yangu amepita miaka themanini na hataki kuitwa Mama wala Bibi fulani, anataka jina lake la kwanza. Ulimi wangu ulikuwa mzito, lakini hiyo ndiyo heshima anayoitaka.

Usikubali kusimuliwa upande mzuri peke yake. Kakao iliyolisha kiwanda hiki kwa miaka mingi ilitoka kwa sehemu São Tomé, kisiwa cha magharibi mwa Afrika kilichotawaliwa na Wareno, ambako Waafrika waliochukuliwa Angola walifanyishwa kazi kwa nguvu. Habari hizo ziliwafikia akina Cadbury mwaka 1901. Wakamtuma mtu achunguze mwaka 1905. Waliacha kununua mwaka 1909. Miaka minane ni mingi kwa anayechapwa shambani. Nimelizungumza hili wazi na majirani juu ya kikombe cha chai, na wamenisikiliza. Wapo waliolijua kuliko mimi.

La mwisho ni shamba. Vitongoji vingi vya Uingereza vina viwanja vya kukodi vya kulimia, na kiwanja kizima ni karibu mita za mraba 250. Sukuma wiki hustahimili baridi ya hapa vizuri sana, na mtu anayelima kiwanja cha jirani atakuuliza unapikaje hayo majani kabla hata hajakuuliza jina. Foleni lakini ni ndefu, pengine miaka. Peleka jina lako wiki ile ile unayohamia, kwa halmashauri au kwa chama kinachosimamia viwanja hivyo, na kama unafanya kazi kwa zamu omba nusu kiwanja, maana kizima kitakushinda kufikia Juni magugu yanapopamba moto.